Siku Kondo Aliponisalimu

Mume wangu alipimwa urefu wa kaburi lake akiwa hai, barazani kwetu Temeke, anakula muhogo wa kuchemsha. Aliyempima alikuwa Kondo, muuza nazi wa Buguruni. Alikuja na upongoo mrefu wa kuti la mnazi, akamwamuru ajilaze mkekani, na Marselino akajilaza kweli, muhogo mdomoni. Kondo akauweka upongoo ule kuanzia kisigino hadi utosini, akaukata kwa kisu pale mtu alipoishia, akauchomeka kwenye paa letu.

"Mngoni mrefu hivi ni hasara kwa wachimbaji," alisema. "Lakini msijali. Mto Mpiji utatusaidia kazi."

Tulicheka. Nilicheka mpaka nikajimwagia chai. Asiyejua mambo yetu atadhani tuna wazimu, kwa hiyo nieleze mapema. Sisi Wangoni na wao Wazaramo ni watani. Wanasema ilianzia vitani huko zamani, babu zetu walipochoka kuuana wakaona heri watukanane. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria, akaondoka na kuku wako ukimwona, akakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Na ukifa kweli, yeye ndiye atakayekuja msibani kuigiza ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukikoroma, mpaka waliofiwa wacheke na machozi hayajawakauka. Kondo alikuwa bingwa wa kazi hiyo kutoka Buguruni hadi Kurasini. Tangu nitoke Songea kuolewa hakuwahi kunisalimu hata siku moja. Akifika mlangoni anaanza na tusi, na mimi aliniita mjakazi wake.

Nasema haya kwa sababu mpaka leo wapo wanaonong'ona kwamba Kondo alimroga mume wangu kwa upongoo ule. Wanikome. Uchawi ungekuwa afadhali, ningepata wa kumchukia.

Marselino alikuwa mpakizi wa meli bandarini. Siku sita alikuwa mtu wa magunia, na Jumapili akishatoka misani alikuwa mtu wa baiskeli. Ilikuwa Raleigh nyeusi, naye alikuwa ameivua kila kitu kisichozunguka: madigadi, kifuniko cha cheni, stendi, hata kengele. Aliacha karia tu, kwa ajili yangu. Alisema hicho ni kiti cha malkia. Malkia alikuwa midomoni mwa watu wakati ule, maana ulikuwa mwaka uliofuata kutawazwa kwake huko kwao Uingereza.

Mwaka huohuo vijana wa Temeke na vijana wa Kinondoni walikubaliana kumaliza ubishi wao wa siku nyingi. Jumatatu ya Pasaka wangeondoka Buguruni alfajiri, waifuate barabara ya Bagamoyo mpaka mwisho wake, na atakayekuwa wa kwanza kugusa ukuta wa ngome kongwe pale mjini ndiye mshindi. Zawadi ilikuwa taa mpya ya dainamo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akiiwaza hiyo taa. Walichotaka ni kuwanyamazisha wenzao mwaka mzima.

Temeke walimtegemea Marselino. Kinondoni walimtegemea Nassibu, mdogo wake Kondo, kijana mwembamba aliyekuwa mwepesi sana tambarare. Kondo mwenyewe hakushindana. Kwa kuwa alipita njia ile kila wiki kufuata nazi, na kwa kuwa pande zote mbili zilimpenda, alipewa kazi ya kusimama kwenye daraja la Mpiji ahakikishe hakuna anayedandia lori.

Lakini kuna jambo lilitokea kabla, wakati wa Kwaresima, na bila hilo huwezi kuelewa lililofuata. Siku hiyo Marselino alikuwa anafanya mazoezi peke yake kwenda Bagamoyo. Alipofika Mpiji alikuta matawi yamelazwa kukata barabara, na Kondo ameketi kando yake, shavu mkononi, uso wa huzuni.

"Daraja limekufa, mtani," Kondo alimwambia. "Rudi nyumbani."

Marselino akarudi. Akarudi njia yote ile, jua la mchana, upepo wa mbele, bila kugusa Bagamoyo. Nyuma yake Kondo akaondoa matawi, akapita juu ya daraja anapiga mluzi na makapu yake ya nazi. Habari zilikuwa zimeshafika sokoni Buguruni kwa lori kabla mume wangu hajapata hata maji ya kuoga. Watani wakamtoza jogoo, nikampika mimi mwenyewe, wakamla barazani kwetu wakimsifu kwa utii. Sokoni wanawake walimbandika jina, Bwana Daraja. Hata makuli wenzake walimwita hivyo wakipokezana magunia.

Alicheka nao, kama inavyotakiwa. Usiku chumbani aliniambia, "Frazia, sigeuki tena kwa neno la Mzaramo. Hata aniambie nyumba inaungua nitamjibu aongeze kuni." Akacheka tena. Mimi pia nilicheka, na niliona ana haki.

Jumapili ya Pasaka baada ya misa alinipakia kwenye karia akanipeleka Boko kwa dada yangu Anjelina, aliyeolewa huko na mkulima wa mikorosho. Mpango ulikuwa hivi: kesho yake ningewapa wapanda baiskeli maji wakipita Boko, kisha mchana nidandie lori la kwenda Bagamoyo, nimkute Marselino ameshashinda, tulale huko. Tuliwahi kufika Bagamoyo mara moja. Nilizipenda zile nyumba za mawe na milango yake mizito ya kuchongwa, na kanisa la mapadri, na ule ukimya wa mji uliowahi kuwa mkubwa ukachoka. Tangu siku ile kila nilipokasirika alinituliza kwa maneno hayohayo: tutalala Bagamoyo.

Njia ilikuwa nzuri kwa kuanzia. Tulipita Magomeni, tukapita Kinondoni ambako walimzomea walipomtambua, kisha minazi ikawa mingi kuliko nyumba. Nilikaa upande, mkono mmoja kwenye mkanda wake. Pwani yote jua lilikuwa linawaka. Lakini kila nilipogeuka kushoto, nyuma kule, niliiona milima ya Pugu na Kisarawe, unakoanzia mto Mpiji, imefunikwa na wingu jeusi lililokaa chini mno. Mlima wenyewe hukuuona. Uliona giza tu limewekwa juu ya nchi, na ndani yake radi zinawaka bila kutoa sauti.

"Huko mvua inanyesha tangu Alhamisi Kuu," nilimwambia.

"Inyeshe hukohuko. Sie tunapita huku."

Tulipofika Boko hakutaka kupumzika. Alitaka nikalione daraja. Nadhani jina lile la Bwana Daraja lilikuwa bado linamwasha. Tukaendelea, tukapita Bunju, barabara ikateremka, na bonde la Mpiji likafunguka mbele yetu. Ni nchi iliyonyooka kama meza, mpunga kila upande, na kwa kawaida mto wenyewe unaupita bila kuuona vizuri. Siku ile tuliuona. Ulikuwa mwekundu, umepanda, unakwenda kasi na kimyakimya. Ulikuwa umebeba migomba mizima na mizizi yake, na bonde zima halikuwa na mtu. Vibanda vya walinda ndege vilikuwa vitupu. Watu wa mpunga walikuwa wamehamia juu pamoja na sufuria zao, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu mwenye akili ageuze.

Juu ya mbao palikuwa pakavu. Marselino alipanda na baiskeli yake mpaka katikati, akaruka mara mbili kwa miguu yote, akanigeukia. "Unaona? Linavusha malori ya mkonge hili, litashindwa na mie?"

Nilibaki ukingoni. Chini ya daraja nilisikia kitu kinagonga. Magogo yaliyoletwa na maji yalikuwa yanazipiga nguzo, mara moja, kimya, mara moja tena, kama mgeni asiyetaka kuamsha nyumba nzima. Nilimwambia arudi, sipendi mlio ule. Akarudi, akaniambia ninaogopa kama Mzaramo, nami nikampiga kofi la mgongo. Nilijua nina hofu, ila sikujua ya nini.

Kule Boko aliifungua karia kwa spana, akaniachia. Alitaka baiskeli iwe nyepesi kwa ajili ya kesho. "Itunze," alisema, "utaikalia ukirudi." Akaondoka kuelekea mjini, na ile baiskeli bila karia ilionekana nyembamba mno chini ya mtu mkubwa kama yule.

Jumatatu jua lilichomoza safi. Anjelina na wanawake wenzake walikuwa wamepanga ndoo za maji na madafu chini ya mkorosho kando ya barabara, wanabishana nani ni nani na anaendesha vipi. Mimi nilikuwa natazama upande wa Tegeta, wanakotokea. Kwa hiyo sikumwona Kondo mpaka alipokuwa karibu kabisa, maana alitoka upande wa pili, upande wa Bunju, ambako hapakuwa na mtu wa kutoka saa ile.

Alikuja na baiskeli yake ya nazi bila nazi, makapu matupu yanapigapiga. Hakushika breki. Aliiachia ikaanguka njiani, akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa na matope hadi kiunoni na kiatu kimoja.

"Umeamkaje, dada Eufrazia?" alisema.

Wanawake wakaangua kicheko. Anjelina alipiga makofi. "Jamani, leo Mzaramo kaamka na adabu! Nani kampiga?"

"Daraja limekufa," Kondo alisema. Maskini, alikuwa na maneno gani mengine? Daraja likifa utasema limekufa. "Nguzo za kati zimekwenda na maji. Mbao zipo juu, ukizitazama unaona daraja zima, lakini chini hamna kitu. Nimeweka matawi. Mie nimetoka mbio. Wamefika wapi?"

"Hayo matawi tunayajua," alisema Anjelina, na machozi ya kicheko yanamtoka. "Na jogoo wake tulishamla. Tafuta jipya, mtani! Au unamtengenezea njia mdogo wako?"

Wakacheka zaidi. Hata mimi kicheko kilikuwa kimeshafika kooni. Kilichokirudisha ni ile salamu. Mtu aliyeniita mjakazi wake kila siku alikuwa ameniita dada, kwa jina langu la ubatizo. Midomo yake ilikuwa inacheza, na bado alisimama pale anangoja niitikie, kwa sababu mtu akisalimia kweli hungoja jibu. Baridi ilinipanda kutoka miguuni.

"Nimeamka salama, kaka," nikamjibu.

Tulitazamana. Kisha tukakimbilia katikati ya barabara, yeye na mimi, tukanyoosha mikono.

Marselino alikuwa anakuja. Alikuwa peke yake mbele, ameinama, kidevu kinakaribia kugusa usukani, magoti yanapanda na kushuka bila haraka. Nilimjua kwa mabega. Nyuma yake, mbali, kulikuwa na nukta moja, na nyuma ya nukta ile vumbi la wengine.

"Simama!" Kondo alipiga kelele. "Wallahi, mtani, simama! Daraja limekufa!"

"Marsel, shuka!" nililia mimi. "Anasema kweli! Shuka!"

Aliinua kichwa, nami nikayaona meno yake. Alikuwa anacheka. Nilijua anachokiona, na Mungu anisamehe, kama ningekuwa juu ya baiskeli ile ningeona hichohicho: Kondo katikati ya barabara na mikono yake wazi, mkewe naye amevutwa kwenye mchezo, na chini ya mkorosho shemeji na wanawake wote wa Boko wamekamata mbavu kwa kucheka. Hakuna pembe ya barabara ile iliyokuwa na sura ya msiba.

"Kaninyang'anya na mke!" alipiga kelele. "Mpikie jogoo!"

Akakata kulia, akapita kwenye mchanga wa kando. Gurudumu la nyuma liliteleza, akaliweka sawa. Nilijirusha kumshika. Kiganja changu kiligusa mgongo wake, shati limelowa jasho, la moto, kisha kikabaki hewani. Alipokuwa ameshatupita alisema bila kugeuka, "Frazia, tutalala Bagamoyo!"

Kondo aliinyanyua baiskeli yake, akaipanda, cheni ikatoka palepale. Akapiga magoti kuirudisha, inamponyoka, anaita jina la Mungu. Wanawake sasa walikuwa wamenyamaza mmoja mmoja. Nadhani waliuona uso wangu.

Ndipo Nassibu akafika, yule aliyekuwa nukta. Kaka yake alimwambia maneno yaleyale, hakuongeza hata moja: daraja limekufa. Nassibu alifunga breki mara hiyohiyo, vumbi likamfunika. Kwake Kondo hakuwa mtani. Alikuwa kaka yake mkubwa, na kaka mkubwa akisema daraja limekufa, limekufa. Sikumwona akijiuliza hata kidogo.

"Mfuate!" nilimwambia. "Wee mwepesi, utampata. Mfuate umwambie!"

Akaondoka. Pale Boko barabara inanyooka vizuri, mtu anaonekana muda mrefu kabla minazi haijammeza. Nilimwona Nassibu amesimama juu ya pedeli, anaipunguza nafasi kati yao. Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake. Halafu nilimwona Marselino anageuza shingo. Aliangalia nyuma, akaona kijana wa Kinondoni, mdogo wake Kondo, anamjia kwa kasi yote na kupiga kelele. Naye akasimama juu ya pedeli.

Mimi ndiye niliyemtuma Nassibu. Lakini sitaki kuhurumiwa kwa hilo, na sikubali kulaumiwa. Kama asingetumwa mtu, leo mngeniuliza kwa nini sikutuma mtu. Nilisimama tu barabarani nikatazama nukta mbili, ya nyuma inavyozidi kujitahidi kuokoa na ya mbele inavyozidi kukimbia, mpaka minazi ikazichukua zote.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Nassibu, naye aliyasema mara moja tu. Alipoteremka bondeni alikuwa ameishiwa sauti. Alimwona Marselino amefika kwenye matawi, ameshuka. Akashukuru, akadhani yameisha. Lakini Marselino aliyashika matawi, moja baada ya jingine, akayaweka pembeni, akapanda tena baiskeli. Alikwenda taratibu kidogo kwa sababu ya mbao. Alifika palepale aliporuka jana yake. Nassibu alisema daraja halikuvunjika kwa kishindo. Lililala tu, polepole, kama mtu aliyekuwa amesimama usingizini. Mto haukutoa hata sauti ya kupokea kitu.

Kondo alinipakia kwenye baiskeli yake ya nazi, juu ya kapu tupu, tukafika pale wakati wengine wote wameshakusanyika ukingoni, Temeke na Kinondoni. Mbao za upande wetu zilibaki zimechomoza juu ya maji. Mto ulikuwa unaendelea na safari yake, mwekundu, na juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa, haina hata doa. Niliyatazama yale matawi. Marselino hakuyatupa ovyo. Alikuwa ameyapanga kando ya barabara, yamelaliana vizuri, yasije yakamwangusha anayemfuata.

Siku ya pili wakata mikoko walimkuta karibu na mdomo wa mto. Baiskeli haikuonekana.

Tulimzika Temeke. Padri alipomaliza sala zake na kuondoka, jeneza likiwa bado halijashushwa, watu walibaki, maana sehemu ya watani ilikuwa bado. Buguruni nzima ilikuwepo, na makuli wa Kurasini, na wale wa Kinondoni. Msiba ulikuwa mzito mno na watu walikuwa wanatamani kucheka. Sikuwalaumu, hata mimi nimecheka kwenye misiba ya wengine. Kondo alipotokea nyuma ya umati niliusikia mnong'ono wa furaha ukipita: mtani kaja, mtani kaja.

"Kondo!" mmoja aliita. "Kipimo chako kiko wapi?"

Kicheko cha kwanza kikatoka. Mwingine alikimbia nyumbani kwangu, akauchomoa ule upongoo kwenye paa, akauleta. Wachimbaji waliushusha kaburini, wakaulaza kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu. Ulikaa sawasawa. Hakuna aliyehitaji kuongeza jembe. Watu walipiga vigelegele, wakasema Mzaramo huyu ni fundi, aliyapanga yote tangu Jumamosi ile alipompima barazani.

Kondo alisogea hadi ukingoni. Walitengeneza nafasi, wakajiweka tayari. Wote walijua anachotakiwa kufanya: ainame juu ya baiskeli isiyokuwepo, ainue magoti, apite kati yao anacheka kwa meno yote kama Marselino. Badala yake alipiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia daraja limekufa. Nilimwambia."

Akalia. Alilia kwa sauti kubwa na mbaya, kamasi zinamtoka, anajipiga mapaja, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mtazameni mtani wa Bwana Daraja!" walisema. "Mtazameni anavyojua kulia!" Kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, na kadiri walivyocheka ndivyo alivyozidi kuwaapia kwamba alimwambia, na kila kiapo kikawaongezea kicheko. Anjelina alikuwa amefunika uso kwa kanga. Nassibu aliinama. Wengine wote waliona utani bora kuliko wote waliowahi kuuona.

Hasira ilinipanda. Niliinuka kwenye mkeka wa wafiwa, jambo ambalo mjane hafanyi. "Analia kweli!" niliwapigia kelele. "Nyie wajinga, hamwoni analia kweli?"

Wote walinigeukia. Kisha mzee mmoja akasema, kwa sauti ya kuridhika, "Mngoni naye anamjibu mtani wake." Na hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo.

Buguruni bado wanausimulia msiba ule. Wanasema Kondo aliupeleka utani mahali ambapo hakuna mwingine aliyefika. Wengine wanadhani hajaumaliza, kwamba kule kunyamaza kwake tangu siku ile ni sehemu ya mchezo, na iko siku atapasua jambo. Wanamngoja. Hajamtania mtu tena.

Kwangu hupita akielekea sokoni. Karia ya Marselino nimeitundika ukutani barazani, naye huitazama kwanza, kisha hushusha nazi mbili, huziweka kizingitini, husimama wima, mikono mbele. Halafu husalimia. Kila anapofungua mdomo, hata miaka hii yote imepita, baridi ileile hunipanda kutoka miguuni, na masikio yangu hutafuta ni nani kafa leo, ni wapi.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimtokea kabla hajashusha nazi zake.

"Nitukane, Kondo," nilimwambia. "Nakuomba. Niite mjakazi wako. Ingia jikoni ufunue sufuria, ondoka na kuku. Tusi moja tu, nijue kumekucha salama."

Niliona anatafuta, midomo inajaribu. Kisha akazishusha nazi, akaziweka kizingitini taratibu.

"Umeamkaje, dada Eufrazia?" alisema, akasimama kungoja jibu.